Bila Kujali Uzito

Mpaka naandika haya, masikio bado yana moto. Jana jioni, kwenye kijiwe cha kahawa hapa Manzese, nimepangwa wa mwisho katika orodha ya wabishi bora wa kijiwe bila kujali uzito. Wa mwisho kabisa, yaani chini yangu kuna kutu tu. Juu yangu ameandikwa kijana anayeosha vikombe, ambaye tangu nimjue sijamsikia akimaliza sentensi. Orodha yenyewe imeandikwa kwa kipande cha mkaa kwenye mlango wa bati wa banda la jirani. Usiku, watu walipokwisha kutawanyika, nilipita na kitambaa chenye maji. Majina ya wengine yamefifia vizuri. Langu limesambaa, na sasa linasomeka mpaka ng'ambo ya barabara.

Chanzo ni Naoya Inoue. Nilifika, nikasalimia, nikapokea kikombe changu na kashata, nikasema kwa upole tu kwamba ukiweka uzito pembeni, bondia bora duniani ni yule Mjapani. Sikumlenga mtu, sikumtukana mtu. Lakini kijiwe chetu kina fundi viatu ambaye Oleksandr Usyk akipiga chafya kule Ukraine, yeye huku Manzese anajibu "afya". Aliiacha sindano imesimama ndani ya soli ya mteja.

"Huyo Inoue wako ana kilo ngapi?"

"Hamsini na tano na ushei."

"Na Usyk?"

"Mia na kidogo."

"Sasa kaka, si Usyk anamkalia tu? Amkalie, refa ahesabu mpaka kumi, turudi nyumbani."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Hata mzee wa kahawa, ambaye kwa kawaida hatii neno kwenye ubishi asije akapoteza wateja wa upande mmoja, alicheka mpaka birika likayumba juu ya makaa.

Hapo ndipo nilipoanza kueleza, na mimi nikianza kueleza huwa sisikii kengele.

Ngumi za kulipwa, kwa miaka mingi, zilikuwa na madaraja manane tu ya uzito. Leo ni kumi na saba, kuanzia kilo 47.6 mpaka uzito wa juu usio na kikomo. Mashirika makubwa ni manne, WBA, WBC, IBF na WBO, na kila moja lina mkanda wake katika kila daraja. Kumi na saba mara nne ni mikanda 68. Mikanda 68 ya ubingwa wa dunia, na dunia ni moja! Ukishakuwa na mabingwa wengi kiasi hicho, lazima mtu aulize: jamani, katika hawa wote, mwenyewe hasa ni nani? Kuwapambanisha huwezi, mdogo ataumia. Kwa hiyo unawapambanisha kichwani. Wa kilo 55 unamkuza, wa kilo 100 unampunguza, mpaka wawe sawa kwa sawa. Unawaachia ufundi wao, miguu yao na roho zao, halafu unagonga kengele. Hakuna kiingilio, hakuna majaji, na hakuna atakayekuja kesho asubuhi na ushahidi kwamba umepotea. Utamu wote uko hapo. Ubishi wa Simba na Yanga unaisha siku ya mechi, angalau kwa saa chache. Huu hauna siku ya mechi.

Aliyeupa nguvu ubishi huu ni Sugar Ray Robinson. Miaka ya 1940 mfalme wa ngumi alikuwa Joe Louis, mtu wa uzito wa juu, na nani angethubutu kusema Robinson wa uzito wa welter angempiga? Lakini waliomwona Robinson akitembea ulingoni walijua kwamba katika kazi ya ngumi yenyewe hana mwenzake. Ikabidi kilo ziwekwe pembeni ili jambo hilo liweze kusemwa. Robinson mwenyewe akataka kulithibitisha kwa mwili. Juni 25, 1952, Yankee Stadium, New York, akamfuata Joey Maxim, bingwa wa laiti-hevi, aliyemzidi kama kilo 7. Joto la usiku ule lilikaribia nyuzi 40. Refa, Ruby Goldstein, alizidiwa, akatolewa baada ya raundi ya 10, akaletwa mwingine. Robinson alikuwa anaongoza kwenye karatasi za majaji, alikuwa anamchapa mtu mkubwa kuliko yeye mbele ya umati, na kengele ya raundi ya 14 ilipolia hakuweza kuinuka kwenye kigoda. Alipigana ngumi za kulipwa miaka 25, na ni usiku huo tu aliposhindwa kabla ya raundi kwisha. Maxim alikuwepo tu. Zilizomshinda ni zile kilo 7 zikisaidiana na joto.

Haya yote niliyaeleza pale kijiweni, kwa mpangilio, nikitumia na mikono. Nilipomaliza, dereva wa bodaboda akaniuliza kama kashata yangu nitaila.

Nikahamia kwenye orodha zenyewe. The Ring, jarida la ngumi lililoanza mwaka 1922, lilianza kuchapisha orodha yake ya namna hii mwishoni mwa miaka ya 1980, na namba moja wa kwanza alikuwa Mike Tyson. Februari 1990 Tyson akalazwa na Buster Douglas mjini Tokyo, na kiti kikaenda kwa Julio César Chávez wa Mexico, ambaye hakuwa amemgusa Tyson hata kwa kidole. Sehemu hii hunisisimua kila ninapoifikiria: kwenye orodha hii unaweza kunyang'anywa ufalme ukiwa umelala. Mei 6, 2024, Inoue alipanda ulingoni Tokyo Dome na Luis Nery. Raundi ya kwanza tu akaangushwa, kitu ambacho hakikuwahi kumpata tangu aanze ngumi za kulipwa. Akainuka, akamwangusha Nery mara tatu, ya tatu ikiwa raundi ya 6, ikawa basi. Akapandishwa namba moja. Siku 12 baadaye, Riyadh, Usyk akamshinda Tyson Fury kwa pointi, akawa bingwa asiyepingika wa uzito wa juu, na Inoue akashushwa. Alikosa nini? Mtu anayemzidi kilo 46 kampiga mtu anayemzidi zaidi ya kilo 60, tena nchi nyingine, na aliyepoteza ni yeye aliyekuwa kwao ametulia.

"Maneno mengi," alisema fundi viatu, akiichomoa ile sindano. "Wewe mwenyewe unapigana uzito gani?"

Nikajibu papo hapo: "Supa-mido. Sabini na sita."

Kijiwe kikanitazama, kikianzia tumboni. Sasa, kuna kijana anayezunguka mitaa yetu na mizani ya kupimia watu uzito, ile ya kuweka chini, anatoza shilingi mia mbili. Ukiwa na shida naye humpati. Jana alikuwa nyuma yangu, ameketi juu ya ndoo, anakunywa kahawa.

Mia mbili zililipwa kabla sijageuka. Mizani ikawekwa juu ya kipande cha mbao ili isiyumbe, na mzee wa kahawa mwenyewe akapima usawa wake kwa kuweka kikombe kilichojaa. Nikapanda na viatu. Sindano ikapita sabini na sita bila hata kupunguza mwendo, ikapita themanini, ikaenda kusimama karibu na tisini na tano.

"Viatu," nikasema.

Nikavua viatu. Nikatoa funguo, simu, pochi na mkanda wa suruali. Sindano ikarudi nyuma kidogo, kwa kusitasita. Nikawaeleza kwamba hata kwenye upimaji rasmi mambo huenda hivyo hivyo: bondia akizidi hata robo kilo, anavua kila alichovaa, na watu wake wanashika taulo mbele yake ili kumsitiri. Nilikuwa natoa elimu tu. Lakini mama lishe wa banda la pili alikwisha kufungua kanga yake ya juu na kuwapa vijana wawili, wakaishika kila mmoja pembe yake, na mimi nimo nyuma yake na fulana ya ndani.

"Shemeji, suruali hapana!" alipaza sauti mama lishe. "Mimi hapa nauza chakula."

"Kilo tisini na tatuuu!" alitangaza dereva wa bodaboda, akiivuta ile sauti ya mshereheshaji wa ulingoni, na daladala iliyokuwa inapita ikapunguza mwendo ili abiria waone bondia ni nani.

Nikakata rufaa. Nikaeleza kwamba uzito wa bondia unaouona kwenye mizani si uzito anaopigana nao. Upimaji zamani ulifanyika siku ileile ya pambano. Siku hizi unafanyika siku moja kabla, na kuanzia hapo ukawa sanaa ya kukausha maji. Wanakimbia wamevaa nailoni, wanakaa kwenye vyumba vya mvuke, wanatema mate kwenye chupa ili kupunguza gramu za mwisho. Wakishapima tu, wanakunywa, wanakula, na kesho yake mtu wa kilo 61 anapanda ulingoni akiwa na kilo zake kadhaa za ziada. IBF wakaona hii sasa imezidi, wakaweka upimaji wa pili asubuhi ya pambano la ubingwa: usizidi pauni 10, yaani kilo 4.5, juu ya kikomo cha daraja lako. Mimi nilikuwa nimetoka kula ubwabwa kwa maharage, sikupewa hata dakika ya kukausha.

"Kutoka tisini na tatu mpaka sabini na sita ni kilo kumi na saba," alisema mzee wa kahawa taratibu. "Mwanangu, ukizikausha zote hizo, si itabaki fulana?"

Kikomo cha daraja la kruza ni kilo 90.7. Kwa hiyo nilikuwa nimekivuka, na fundi viatu akatangaza kwamba mtetezi wa mabondia wadogo kumbe ni wa uzito wa juu. Nikamkatalia kwa sheria. Mwaka 2020 WBC waliongeza daraja la kumi na nane, kati ya kruza na uzito wa juu, kuanzia kilo 90.7 mpaka 101.6. Linaitwa bridger. Mimi ni bridger. Nikaongeza kwamba hata Usyk mwenyewe, siku ya kupima na Fury, alikuwa na kilo 101.4, maana yake angeingia humohumo. Na kwamba siku hiyo hiyo walimtangaza mbele ya dunia nzima akiwa na pauni 10 zaidi ya zake, ikabidi warekebishe baadaye. Kama mambo yanavurugika Riyadh kwenye mamilioni ya dola, mizani ya mia mbili inaniambia nini?

Kwa mara ya kwanza jioni ile, kijiwe kilinyamaza. Nilikwisha kulivaa tena shati nusu. Ndipo dereva wa bodaboda akainua kichwa kutoka kwenye simu yake.

"Bridger ni jina la mtoto," akasema. "Mmarekani. Alikuwa na miaka sita. Alijiweka mbele ya mbwa ili mdogo wake wa kike asing'atwe, ndiyo maana wakamwenzi."

"Kwa hiyo," akasema fundi viatu, akizitenganisha silabi, "wewe umekimbia uzito wa wanaume, ukajificha kwa mtoto wa miaka sita?"

"Na mtoto mwenyewe alipambana na mbwa," akaongeza mama lishe. "Wewe umepambana na nani, shemeji?"

Orodha ilipatikana hapohapo, na kilichoniuma ni kwamba walitumia vigezo vyangu. Ukiweka uzito pembeni, walisema, lazima ubishi wa mtu ugawanywe kwa kilo zake. Kijana wa vikombe, ambaye hazidi kilo 48, alikuwa ametamka neno moja tu jioni nzima, akiwa ameinama kwenye beseni: "Crawford." Na neno hilo haliangushwi kirahisi. Septemba 2025, Las Vegas, Terence Crawford alimshinda Canelo Álvarez, akachukua mikanda yote minne ya kilo 76.2, baada ya kuikusanya yote ya kilo 63.5 mwaka 2017 na yote ya kilo 66.7 mwaka 2023. Hakuna mwanaume mwingine aliyefanya hivyo katika madaraja matatu tangu mikanda iwe minne. Neno moja kwa kilo 48. Mimi nilikuwa nimesema kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi, lakini gawanya kwa 93 uone kinachobaki. Fundi viatu akawa namba moja. Namba mbili wakamweka bondia Karim Mandonga, ambaye kijiweni kwetu hajawahi kukanyaga, kwa kuthamini mchango wake katika tasnia ya maneno.

Mikasa mingine niliyoipata kwa ubishi huu ni midogo. Kwenye harusi moja nilikuwa nyuma ya ukumbi na mpiga picha tukimjadili Manny Pacquiao na ubingwa wake wa madaraja manane, ndiyo maana maharusi hawana picha ya kukata keki. Kwenye daladala, Roy Jones alinipitiliza kituo.

Ila kuna sehemu moja ya hizi orodha ambayo siwezi kuicheka.

Kigezo wanachokipenda wapangaji, wawe wa magazeti, wa televisheni au wa kijiweni, ni kupanda uzito. Bondia akiacha daraja lake akamfuata mkubwa, anasifiwa. Robinson alimpa Maxim kilo 7, akashindwa, na mpaka leo tunamsimulia kwa heshima, mimi nikiwa wa kwanza. Sasa nyuma ya gereji moja hapa mtaani kuna kijana anayejifua. Mfuko wake wa mazoezi ni gunia la mchanga na matambara lililoning'inizwa kwenye mwarobaini. Glovu zake zimezungushiwa plasta nyeusi ya mafundi umeme. Ana kilo 57. Aliitwa kwenda kupigana Ulaya na mtu wa kilo 61. Akauliza mpinzani ni nani, akaambiwa atamkuta hukohuko. Akauliza kuhusu kilo, akaambiwa ale vizuri. Taarifa ilikuwa ya siku chache, visa ikatoka saa za mwisho, akafika amechoka, akapigana raundi sita, majaji wote wakampa mwenyeji. Wanaoandaa mapambano ya namna hiyo huwa wanajua matokeo kabla ya kukata tiketi ya ndege. Kazi yake ilikuwa kumwongezea mwenzake ushindi. Kapanda madaraja mawili katika wiki moja. Kwenye kumbukumbu za mtandaoni kuna alama nyekundu mbele ya jina lake, na hiyo alama haisemi chochote kuhusu kilo wala visa.

Na si wanaoanza tu. Ayub Kalule wa Uganda alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa Havana mwaka 1974, akachukua ubingwa wa WBA huko Japani mwaka 1979, na alikuwa hajapoteza hata pambano moja kati ya 36 alipokutana na Sugar Ray Leonard, Houston, Juni 1981. Alipigwa raundi ya 9. Ukimtaja leo mbele ya wataalamu wa orodha, watakuambia: ah, yule aliyepigwa na Leonard. Hassan Mwakinyo wa Tanga aliingia Birmingham, Septemba 2018, ukumbi umejaa watu waliokuja kuangalia wengine, akammaliza Sam Eggington, aliyewahi kuwa bingwa wa Ulaya, katika raundi ya pili. Kwa siku chache dunia ya ngumi ikawa inauliza Tanga iko wapi. Halafu ikaacha kuuliza.

Huwezi kuingia kwenye orodha bila kumpiga aliyeko kwenye orodha, na aliyeko kwenye orodha hapigani na wewe mpaka uwe kwenye orodha, isipokuwa siku ambayo wa kwao kaumia na wanahitaji mtu wa haraka. Mlinzi wa geti hili hana jina wala ofisi. Ni kamera: mahali zilipowekwa na mahali ambapo hazijawahi kuwekwa. Tunabishana usiku kucha nani bora bila kujali uzito, kumbe tunawapanga wale tu ambao mtu alilipia waonekane.

Kwa hiyo nina pendekezo, na nimekwisha kulipeleka kijiweni, ingawa kwa nafasi yangu ya sasa halikupewa muda mrefu. Kila orodha iongezwe safu tatu mbele ya jina la bondia: aliitwa siku ngapi kabla ya pambano, nani alilipa tiketi ya ndege, na alimpa mpinzani kilo ngapi. Zijazwe kwa kila pambano, la Las Vegas na la ukumbi wa shule kule Ulaya, kisha watu wakae wapange upya. Naamini majina fulani yatashuka, na mengine yatatokea ambayo hata fundi viatu hayajui. Siku hizo safu zikijazwa nitakuwa tayari kubadili msimamo. Mpaka hapo, namba moja ni Inoue, Usyk ni wa pili, na kijana wa vikombe aoshe vikombe.